Ndege wa Kifua Safi

Kaka yangu alipiga watu picha kwa miaka thelathini na minne, na mji mzima unamwita Kidevu, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa kwenye benchi lake asiambiwe ainue kidevu. Wako watu wazima leo wenye wajukuu, wakikutana naye njiani wanainua kidevu bila kujijua. Mimi ni mdogo wake, dobi, nina duka la kufulia na kupiga pasi mitaa miwili kutoka kwake. Na niseme mapema kwamba sina subira. Marehemu mama alikuwa akisema subira yote ya tumbo lake aliondoka nayo mtoto wa kwanza, mimi nikaambulia mdomo.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja: kitambaa cheupe ukutani, taa mbili, benchi lisilo na mgongo ili watu wasilegee, kioo, na kitana kilichofungwa kwa mnyororo kwa sababu vitana vitatu vya kwanza viliondoka na wateja. Picha za pasipoti na vitambulisho hakuzigusa. Alikuja mkubwa mmoja wa ofisi akitaka apunguziwe mvi kwenye picha ya kitambulisho, kaka akamtoa nje kwa adabu, na yule bwana hakurudi tena. Lakini picha za ukutani, za harusi, za mahafali, za familia, hizo alizisafisha. Zamani kwa brashi nyembamba na kioo cha kukuzia, baadaye kwa kompyuta. Chunusi, jasho, makunyanzi, weusi chini ya macho, vyote aliviondoa. Watu walitoka pale wakijipenda, na kuna mtu gani asiyetaka kujipenda? Alizoea kunitania kwamba kazi yetu ni moja, mimi natoa madoa kwenye nguo, yeye anayatoa kwa wenye nguo.

Alipostaafu, studio ikachukuliwa na mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi, naye akarudi nyumbani kukaa na mkewe. Walikaa pamoja mwaka mmoja na nusu tu. Wifi yangu aliugua miezi mitatu, akatuacha.

Hawakujaliwa watoto, kwa hiyo kaka alibaki na mimi. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka nilimpelekea uji, na kila jioni nilikuta kikombe kimepigwa utando, hakijaguswa. Mashati yakaanza kumpwaya. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyafua, kwa hiyo mimi ndiye niliyejua amepungua kiasi gani shingoni. Nikampeleka kwa daktari, akampima kila kitu, akaniita pembeni akasema mwili hauna kosa, kinachokosekana ni sababu ya kuamka. Nikamuuliza hiyo inauzwa duka gani. Akacheka, mimi sikucheka.

Nyuma ya nyumba yao kuna ua mdogo wa saruji. Wifi alikuwa ametundika sinia la bati kwa nyaya tatu kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia, na kila asubuhi alitia mtama na punje za alizeti, ndege wakaja. Baada ya mazishi niliendelea kuutia mimi huo mtama. Si kwa kuwapenda ndege, jamani, mimi ni dobi, ndege kwangu ni adui wa shuka nyeupe. Ila kila nikishika nyaya zile nilishindwa kuzifungua.

Asubuhi moja, mwezi wa tano tangu msiba, nimeweka kikombe mezani, kaka amegeukia dirisha la jikoni, akauliza: "Yule wa kahawia ni nani?"

Nikamjibu ni shomoro, ili mradi nimejibu. Akasema hapana, shomoro ni yule pale pembeni, huyu ana domo nene zaidi na amekaa kwa majivuno. Nikahesabu, kaka yangu alikuwa amesema sentensi tatu mfululizo. Katika miezi mitano alikuwa hajasema zaidi ya ahsante na haya. Nikajisemea moyoni, mtu anayeuliza hajafa bado, huyu nimshike hapohapo asiteleze. Nikamwambia avae viatu, tunakwenda kutafuta kitabu cha ndege.

Nilifunga duka siku ile saa za mchana, jambo ambalo sikulifanya hata nilipokuwa na homa. Muuza vitabu ni binti mpole, miwani yake huivaa kichwani na kuitafuta mezani. Tulipomweleza habari ya sinia, alituletea vitabu vitatu akavipanga mbele yetu.

Cha kwanza kilikuwa kinene, kizito kama pasi yangu ya zamani, kina kila ndege anayeruka chini ya mbingu, maandishi kama chawa. Hicho hata kaka alikisukuma kando. Cha pili kilikuwa na karatasi za kung'aa, na kila ndege amepigwa picha peke yake, amesimama ubavu, nyuma yake pameachwa peupe. Cha tatu kilikuwa chembamba, hata mfukoni kingeingia. Ndege wake wamechorwa kwa mkono, na kila mmoja amezungukwa na mishale midogo inayoonyesha tazama hapa, tazama na hapa. Juu ya jalada pameandikwa kwamba ni kwa wanaoanza.

Binti akasema, "Mzee, kwa ndege wanaokuja uani hiki chembamba kinatosha. Wenyewe hawazidi arobaini."

Kaka hakukitazama kitabu kama wasomaji wanavyokitazama. Alikiinamisha kwenye mwanga, akapitisha kidole ukingoni mwa mchoro, akakirudisha. Kisha akasoma tena yale maneno ya jalada. Nikaona shingo imekakamaa, nikajua tumekwisha. Kaka yangu aliingia kazini ana miaka kumi na tisa, na tangu hapo hakuna mtu aliyemwambia anaanza. Akachukua kile cha picha akakikumbatia kifuani.

"Picha ni ushahidi," akamwambia binti kwa upole. "Mchoro ni maoni ya mtu."

Nilimwambia kuuliza si ujinga, na kuanza si aibu. Nilimwambia ndege wa uani hawaji wamesimama ubavu kwenye kitambaa cheupe. Akaniuliza tangu lini nimekuwa mtaalamu wa picha. Nikafunga mdomo, na wanaonijua wanajua hilo lilinigharimu nini. Ukweli ni kwamba nilimwona amesimama dukani, amevaa viatu, anabishana, damu imerudi usoni, nikasema achukue chochote anachotaka. Kwa hiyo kosa la kitabu kile nalibeba na mimi.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Kaka aliomba kitambaa cheupe cha zamani kutoka studio, akakitundika nyuma ya sinia ili ndege wawe na mandhari safi. Ndege walisusa siku mbili. Siku ya tatu wakaona mtama ni mtama, wakarudi, na yeye akakaa dirishani na kamera yenye lenzi ndefu akiwaambia wainue kidevu. Nilikwenda na uji nikamsikia kwa masikio yangu. Alipiga picha, akazipitia kwenye kompyuta, akazichapa, akalinganisha na kitabu, na kila aliyemtambua akambandika ukutani jikoni na jina lake chini. Alinipigia simu dukani katikati ya mvuke na kelele kuniambia amempata mwingine. Nilijifanya nimeudhika. Kikombe cha uji nikawa nakikuta kikavu, na kola za mashati zikaanza kurudi shingoni mwake.

Yule wa kahawia mwenye domo nene ndiye aliyekuwa akimsumbua. Alikuja kwa vipindi, alikula kwa fujo, na kitabuni hakuonekana. Hadi siku moja kaka akaja dukani kwangu mwenyewe, shati limechomekwa, viatu vinang'aa, kitabu kwapani. Akanifungulia ukurasa. Ndege mwenyewe huyo hapo, kahawia, domo nene, kifua safi kama shuka iliyotoka kwangu. Maelezo yalisema anaishi misitu ya milimani na ni nadra kumwona karibu na watu. Akaweka picha yake kando ya ile ya kitabu. Mapacha hawafanani vile.

Jumamosi ile alikwenda maktaba, ambako wapenzi wa ndege hukutana. Anawaongoza muuguzi mstaafu ambaye kila mtu anamwita Nesi, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Kaka alimkabidhi picha. Nesi aliitazama kwa muda mrefu, akamwambia wangependa kuja kumwona ndege huyo kwa macho. Kaka alinieleza hayo mara tatu, na kila mara Nesi alikuwa ameitazama picha kwa muda mrefu zaidi.

Nilipiga pasi kitambaa cha meza. Kaka alifagia ua, akachomoa hata majani kwenye nyufa za saruji. Walikuja wanne: Nesi, mpima ardhi mmoja mwenye darubini iliyomzidi kifua, na mke na mume ambao sikumbuki kama walisema neno. Tukakaa kwenye viti tulivyoviazima kwa jirani, chai mkononi, tukingoja ndege kama watu wanaongoja posa. Walikuja shomoro, akaja njiwa mmoja mwenye kiburi. Kisha akatua yeye.

"Huyo," kaka akanong'ona.

Darubini zikapanda. Nilikuwa namtazama kaka, simtazami ndege, kwa hiyo niliona furaha yake yote, na niliona jinsi ilivyoanza kutafuta mahali pa kujificha darubini zilipoanza kushuka moja moja.

Nesi alisogeza kiti chake karibu naye. Alimwambia taratibu kwamba yule ni chiriku mchanga, na kwamba wengi huwachanganya. Alimwonyesha michirizi myeusi iliyoshuka kifuani, ambayo hupotea ndege akishakuwa mkubwa. Kaka akasema hana michirizi. Akaingia ndani akaleta picha, na kweli, kwenye picha kifua ni safi, hakuna hata nukta. Mpima ardhi akaipokea. Akaitazama picha, akamtazama ndege aliyekuwa bado anapasua alizeti mbele yetu, akamtazama kaka.

"Hii picha imechezewa," akasema.

Niliyomwambia mpima ardhi sitayaandika hapa. Chai haikumwagika, hilo naweza kuapa. Kaka alininyamazisha kwa mkono, akaingia tena ndani, akatoka na kamera yenyewe, akaanza kurudisha nyuma picha moja moja hadi akaifikia ile ya asili, ambayo haijapitia kompyuta. Michirizi ilikuwepo. Ilionekana kama mtu amemdondoshea ndege chai kifuani. Akaendelea kukitazama kioo kile kidogo kana kwamba kingemwonea huruma.

"Nimemfuta," akasema. "Sikumbuki, lakini ni mimi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Alikaa kwenye kompyuta kama alivyokaa maisha yake yote, akaona uchafu kifuani mwa mteja, mkono ukausafisha bila kumuuliza mwenyewe. Mazoea yana taabu. Nesi alielewa mara moja, nadhani kwa sababu naye mikono yake imefanya kazi moja miaka mingi. Alimshika mkono akamwambia yeye mwaka wake wa kwanza aliwaita watu kumi kuja kumwona bundi, kumbe ni kopo juu ya mti. Wengine wakacheka. Mpima ardhi akaomba radhi akiangalia viatu vyake. Kaka aliwashukuru wote, akawasindikiza hadi mlangoni mmoja mmoja, akawafungia lango. Kisha akarudi uani akakata nyaya tatu kwa koleo, akaliingiza sinia ndani.

Kesho yake nilikuta ukuta wa jikoni mtupu, zimebaki alama za gundi. Pazia la dirisha limefungwa. Aliniambia neno moja tu juu ya jambo lile, kwamba yeye aliyemkatalia mkubwa kupunguziwa mvi, leo ameambiwa nyumbani kwake kwamba anaghushi, na aliyesema hivyo alisema kweli. Uji ukarudi kupiga utando. Ndege walikuja wakakaa juu ya nguzo, wakatazama pale palipokuwa na sinia, wakaondoka.

Nilivumilia siku nane. Wanaonijua hawaamini nikiwaambia nane. Siku ya tisa nilikuta kikombe cha jana, na cha juzi kando yake, na mtu amekaa kwenye kiti kilekile na shati lilelile. Nikaogopa, na mimi nikiogopa nagomba.

"Umefiwa, kaka," nikamwambia. "Hukuzikwa."

Akasema amesikia. Nikabamiza mlango, nikatembea hadi dukani na kikombe chake mkononi nikilia barabarani kama mtoto aliyepotezwa, na uji ukinimwagikia kidole. Nilisema moyoni, huyu ananifia hivihivi ninamwona. Nilikuwa nimemzika wifi mwaka uleule, na nilianza kujiandaa bila kutaka, kufikiri nani nitamwita, shati gani nitamvalisha.

Siku tatu baadaye, saa saba mchana, nilikuwa napiga pasi sare za shule, na mteja mmoja, fundi cherehani, amekaa kwenye kiti cha kungojea. Kaka akaingia. Hakunyoa, lakini alikuwa amevaa viatu. Ana bahasha kubwa mkono mmoja na mfuko wa karatasi mkono mwingine. Akaniomba nimpishe meza. Nikaondoa sare, nikasimamisha pasi.

Mfukoni akatoa kile kitabu chembamba. Binti wa vitabu alinisimulia baadaye kwamba aliingia akasimama mbele yake akasema anaomba kile cha wanaoanza, kwa sauti, dukani mna watu. Binti alipotaka kumwekea kwenye mfuko, kaka alisema asifunge sana, atakisoma njiani.

Akanifungulia ukurasa wa chiriku. Mchoro wa chiriku mkubwa, na chini yake mchanga, na michirizi yake, na mishale.

"Tazama," akasema. "Huyu mchoraji hakufuta kitu. Kwenye doa ndipo alipoweka mshale."

Nikamwambia naona. Nikamwambia pia kwamba nilisema tangu siku ile pale dukani, maana mdomo wangu hausubiri hata msiba upite. Alifungua bahasha akapanga picha mezani, moja baada ya nyingine, kama anayepanga karata. Zilikuwa saba. Zote za wifi, tangu alipomchumbia hadi mwaka uliopita.

"Nitafutie kovu lake," akasema.

Wifi yangu alikuwa na kovu. Aliangukia ncha ya ndoo akiwa msichana, ikamkata nyusi katikati, na pale nywele hazikuota tena. Akicheka, nyusi ile ilipanda kabla ya mwenzake, ndivyo ulivyojua kicheko kinakuja. Nikainama juu ya picha. Nikaipitia ya kwanza, ya pili, nikazipitia zote saba, nikarudia. Kulikuwa na mwanamke mzuri mwenye nyusi mbili nzima, meno yaliyopangwa, ngozi isiyo na siku hata moja ya ugonjwa. Nikamuuliza filamu zake je. Akasema za zamani alisafisha kwenye filamu yenyewe, na za karibuni alihifadhi iliyosafishwa juu ya ile ya asili, akaona ya nini kuweka mbili.

"Tangu juzi nazitazama," akasema. "Namtazama mke wa mtu mwingine. Nikifumba macho inakuja picha, yeye haji. Mdogo wangu, lilikuwa upande gani?"

Hasira yangu yote niliyokuwa nayo kwa ajili ya uji na sinia na mpima ardhi, sijui ilikwenda wapi. Nikaogopa kwamba na mimi nitakuwa nimesahau. Nikamweka wifi mbele yangu pale pale mezani, alipokuwa akisimama siku za shuka nyingi, yeye kashika pembe mbili na mimi mbili, tunakunja tukikaribiana.

"Kushoto kwake," nikasema. "Usawa wa katikati, limeinama kidogo kuelekea sikio."

Akatikisa kichwa polepole. Macho yalikuwa yamejaa. "Nilidhani namsaidia," akasema.

Nilichukua ile penseli ninayoandikia namba za nguo na karatasi ya kufungia. Yeye akachora yai na shingo, vibaya sana, kaka yangu hajui kuchora hata kijiko. Mimi nikatia nyusi, nikaikata. Yeye akaweka mshale. Kisha akaniambia, kingine. Nikatia jino la pembeni lililopanda juu ya mwenzake, akaweka mshale. Sikio la kulia lenye tundu lililochanika kwa hereni nzito. Mshale. Mistari miwili ya shingo. Ule weusi chini ya macho wa miezi ile mitatu, nikasita, naye akasema tia na huo. Fundi cherehani alikuwa amesimama nyuma yetu muda mrefu na hakutuharakisha. Aliuliza tu kama marehemu si ndiye aliyekuwa na kidoti kwenye mdomo wa juu, nasi tukamtazama kwa shukrani, tukatia kidoti.

Ikafika mahali nikakwama. Nikamwambia kaka yangu nimemaliza, ninayemjua mimi ni huyo. Aliishika penseli. Kisha akageuza karatasi kidogo, akaweka nukta ndogo nyuma ya sikio la kushoto, pale nywele zinapoanzia, akaivutia mshale wake.

Nikamwambia hapo sikuwahi kuona kitu, miaka yote niliyomsuka nywele.

"Usingekiona," akasema. "Hicho kilikuwa changu."

Akacheka. Kicheko kidogo, kimekwaruza kwa kukaa bila kutumika, lakini nilikisikia, na fundi alikisikia. Akaikunja karatasi akaiweka katikati ya kitabu, akakusanya zile picha saba akazirudisha kwenye bahasha. Kisha akatazama kule nyuma ninakopikia, akaniuliza kama kuna chochote kimebaki, maana ana njaa.